Anayekuita Ndani Atangulie

Okoth mwanangu,

Kaa chini kwanza. Najua umezoea kunywa uji ukiwa umesimama mlangoni, lakini barua hii ni ndefu. Nimeiweka juu ya kifuniko cha sufuria kwa sababu hujawahi kupita sufuria bila kuifunua. Jimiminie kikombe kikubwa. Usiniite. Kunywa huku unasoma.

Ninaandika jioni hii, wewe umeenda senta kuwaaga wenzako. Ningekuambia haya kwa mdomo, lakini nikifungua mdomo tu wewe husema, "Mama ameanza," halafu unatoka kwenda kumtafuta mbuzi ambaye hajapotea. Barua huwezi kuikimbia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho chetu sisi wawili. Kikuria changu ulikataa kukishika, na Dholuo yangu, baada ya miaka yote hii, bado mnaicheka wewe na baba yako.

Mambo ya sabuni, chandarua na kulala na simu mkononi sitayasema. Umri wako sasa, mtu akioga au asioge ni shauri lake. Nina jambo moja tu, na jambo lenyewe ni Tobias.

Tobias anakuja kukuchukua asubuhi jua likishapanda, akupeleke machimbo ya dhahabu upande wa Osiri. Baba yako kwa simu kutoka Muhuru Bay alisema mwache kijana aende akajitafutie, asije akazeekea kwenye kuvua omena, dagaa wa ziwani, kama yeye. Wewe umeshafunga begi. Mimi sikusema ndiyo wala hapana, na wewe ukachukulia kunyamaza kwangu ni baraka. Haikuwa baraka, Okoth. Nilikuwa namshuku mtu, na mimi nikimshuku mtu hunyamaza kwanza nimtazame vizuri.

Utasema mama huyu anamshuku hata mhubiri. Ni kweli, sikatai, na mhubiri mwenyewe anajua. Kwetu Kehancha baba yangu alilima tumbaku, na alituambia sisi watoto kwamba mnunuzi akianza kulisifu jani lako kabla hajalishika, ujue ameshaamua kukuonea. Tulikua tukilikausha jani na kulipanga, na tukimwangalia mnunuzi mdomo. Nimeolewa huku ziwani, nimezaa, nimezika, na neno hilo la baba yangu nimelisahau siku moja tu. Siku hiyo nusura nife, na nitakueleza.

Tobias alipokuja mara ya kwanza alileta mkate na sukari, akajitambulisha kuwa ni mtu wa ukoo wa baba yako. Akaisifu chai kabla ya kuionja. Hapo tu nikakaa vizuri. Halafu wewe ukaingia ukitoka ziwani na ndoo, na yeye akakusalimu kwa kukushika mabega, mkono mmoja huku, mwingine huku, akakaa nayo pale. Watu hawasalimiani hivyo. Hivyo ndivyo fundi anavyoshika kabati akipima kama litapita mlangoni. Akasema wewe ni mwembamba lakini una nguvu. Akauliza kama umewahi kuingia pango letu la kilimani. Wewe ulicheka, ukasema mama hakuruhusu. Mimi sikucheka. Alikuwa ametuambia kazi yako itakuwa kukaa kwenye mashine ya kusaga mawe, na mashine haijali mtu ni mwembamba au mnene.

Sasa, ile chai niliyommwagia gotini alipokuja tena, ukanifokea kwamba nimekuaibisha mbele ya mgeni, ilikuwa makusudi. Niliiacha ipoe kwanza, mimi si mnyama. Nilitaka apandishe suruali, na aliipandisha. Dani yako, mama mzaa baba yako, Mungu amlaze pema, alinifundisha kwamba mtu wa pangoni humjui kwa maneno, unamjua kwa magoti na viwiko. Magoti yangu unayajua, yana kovu juu ya kovu, ulipokuwa mdogo ulikuwa unayagusa moja moja mpaka unapata usingizi. Tobias alitukalia hapa akatusimulia jinsi alivyoanza kazi ya mashimo akiwa kijana, jinsi anavyolijua jiwe la dhahabu kwa kulinusa. Goti lake halina hata mkwaruzo. Niliomba msamaha, nikaleta kitambaa cha kumfutia, nikaangalia na lile la pili.

Kabla sijaendelea na Tobias lazima nikueleze pango, maana huko ndiko nilikojifunza kumtazama mtu, na ndiko nilikokukosea wewe.

Umekua ukiniona nashuka kilimani na karai la odowa kichwani, ule udongo mgumu kama chaki ambao wajawazito hawawezi kuupita sokoni bila kununua wa kutafuna. Mdomo wa pango unaujua. Ulirusha mawe humo, ukasikiliza popo, ukakimbia. Ndani hujui. Wenzako waliingia na mama zao kuwasaidia kuvuta magunia, na wewe ulilia sana uende nao. Nilikukatalia. Nilikufungia nyumbani na kitabu, nikajiambia huyu atasoma, huyu hatatambaa. Nilidhani nakulinda. Kumbe nimekulea karibu na shimo na sikukufundisha hata kutoa pumzi, na leo mtu mwingine anakuja kukupeleka kwenye shimo lake. Nikifikiria hilo najichukia.

Mimi nilifundishwa na dani, na nilimshuku kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa mke mgeni, mtoto wa kabila lingine, lugha sijui. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa kuchekacheka. Asubuhi moja aliwagawia wote uji, mimi akanipa maji. Akanivua viatu. Akanifungua mkanda. Akanishika masikio, akatoa herini moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye pindo la leso yake. Akachukua kamba ya katani msumarini nyuma ya mlango, akanifunga kifundoni, akaniongoza kilimani. Nikajiambia, Boke, leo ndiyo leo, mama mkwe amechoka nawe, anakwenda kukutupa. Nilimuaga mama yangu kimoyomoyo.

Tulipofika mdomoni alilala kifudifudi, akaingia yeye kwanza. Nikaona nyayo zake zikipotea, nikadhani anakwenda kunivizia gizani. Kumbe ndiyo sheria. Pango letu lina njia moja na hakuna pa kupishana, kwa hiyo anayetangulia kuingia ndiye anayetoka mwisho. Mwamba ukishuka au hewa ikiharibika, wa nyuma anarudi, wa mbele anabaki. Ndiyo maana wanawake wa kilima hiki walikuwa na neno moja ambalo hawakulivunja hata wakiwa wamegombana: anayekuita ndani atangulie. Kama wewe ndiye uliyesema twende, wewe ndiye wa mbele. Kama hutaki kuwa wa mbele, usimwite mtu.

Kilichobaki nakuandikia kama alivyonifundisha yeye, usome polepole. Ukishapita mdomo kuna chumba kidogo cha kukaa mmejikunja. Baada yake kuna mahali tunapaita Koo. Pale unalala kwa ubavu, mkono mmoja mbele, mwingine nyuma umeulaza pajani. Mikono yote miwili ikiwa mbele, huna cha kukurudisha. Ikiwa nyuma yote, huna cha kukuvuta. Halafu unatoa pumzi. Mtu akiogopa huvuta pumzi, na kifua kikijaa mwamba unakishika. Wewe toa, sogea kidogo, simama, vuta pumzi ndogo ya juu juu, toa tena. Mwenye haraka pale huacha ngozi.

Ukimaliza Koo njia inateremka, na kule chini ndiko kwenye odowa nzuri nyeupe. Kabla ya mteremko kuna nafasi ya kugeuka. Unageuka na kutanguliza miguu. Huoni unakokwenda, na mwili mzima unakuambia geuka utazame. Usiusikilize. Kwenye mteremko mwembamba kichwa kinabaki juu, upande wa kutokea. Miguu ikikwama utaichomoa. Kichwa kikikwama chini, uzito wako mwenyewe unakusukuma ndani zaidi.

Kamba aliyoifunga mtu mwingine, ifungue uifunge mwenyewe, hata kama ataudhika. Mvua ikinyesha usiku, siku ile pango limefungwa, hata kama ndani panaonekana pakavu. Na taa, sisi tulibeba koroboi. Tobias alikuonyesha tochi yake ya kichwani ukafurahi kama mtoto. Tochi inamulika hata pasipo na hewa, haina habari na wewe. Moto wa koroboi ukianza kufifia bila upepo, hewa ni mbaya, na mtu anarudi bila kuuliza swali.

Nilipotoka salama siku ile ya kwanza nilielewa kwa nini nilinyimwa uji. Tumbo lililojaa halipiti Koo. Aliyekula haingii siku hiyo, hata awe nani, na dani alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshaamua. Niliendelea kuwaambia majirani kwamba mama mkwe ananishindisha njaa.

Jirani aliyenisikiliza zaidi alikuwa Mama Risper. Unamjua, yule wa nyumba ya chini, wakati huo alikuwa bado na meno yote na kicheko cha kuvuta watu. Kiswahili alikijua, na kwangu mimi mpweke hilo lilikuwa karamu. Alinipa pole kila siku. Alisema hajaona msichana anayechimba kama mimi, kwamba mikono yangu imeumbwa kwa odowa. Baba yangu angekuwepo angemwangalia mdomo. Mimi nilikuwa nimechoka kukosa wa kunisifu, basi nikajiachia.

Siku moja dani alienda msibani, na Mama Risper akaniita twende pangoni. Tulipofika akasema kiuno kinamuuma, yeye atakaa nje apokee magunia. Sikuona ubaya. Akaniambia pia nisipoteze wakati kugeuka pale kwenye mteremko, niende kwa kichwa, nitaona ninapochimba. Nikaona ni akili, tena nikamcheka dani na ushamba wake. Nilimwamini mwanamke yule kwa sababu alinisifu, na kwa sababu alimsema vibaya mtu niliyependa kumchukia.

Gunia la kwanza nililichimba pale juu ya mteremko, nikamtolea. La pili nikashuka zaidi, kichwa chini. Nikakwama. Mikono ilikuwa chini ya kifua, damu yote imekuja usoni, koroboi imezimika. Nilipiga kelele, na kila nilipotaka kupiga kelele ilibidi nivute pumzi, na kila pumzi ilinikaza zaidi. Nilimsikia Mama Risper akiniita mara chache, halafu sikumsikia tena. Nilijikojolea, Okoth, nakuambia wazi mimi mama yako. Nililia Kikuria, nikamwita mama yangu aliye Kehancha kama vile angesikia.

Sijui ilipita muda gani. Kitu kikanishika kifundo cha mguu, nikajua ni kifo. Alikuwa dani. Alirudi msibani, akaona kamba haipo msumarini nyuma ya mlango, akapanda kilima na nguo zake za kilio. Hakunigombeza. Kwa Kiswahili chake cha kuokota sokoni akasema, "Toa hewa. Yote. Mimi iko hapa."

Nikatoa, akavuta. Akasema tena, nikatoa, akavuta. Ilikuwa hivyo mpaka mwisho, yeye akirudi nyuma kwa tumbo lake gizani na uzee ule, mkono mmoja kwenye mguu wangu. Hakuuachia hata tulipofika chumba cha kwanza ambako ningeweza kutambaa mwenyewe. Nje tulimkuta Mama Risper anapanga odowa ya lile gunia la kwanza kwenye karai lake. Alisema alikuwa ameenda kuita watu, akarudi. Watu wenyewe sikuwaona. Mpaka leo tunasalimiana kanisani, ananiuliza hali yako, na mpaka leo sijui kama alienda kuwaita au hakwenda.

Nyumbani dani alinipikia uji, akakaa mbele yangu mpaka nikaumaliza. Tangu siku hiyo nilikuwa mtoto wake. Alipokuwa anakaribia kufa, kamba ile aliniachia mimi, si binti zake, na binti zake bado wana neno na mimi.

Kwa hiyo unaona shida yangu. Nimewahi kumshuku mtu aliyekuja kunishika mguu, nikamwamini aliyebaki nje akihesabu faida. Jicho langu ni kali, lakini nimeona likikosea. Ndiyo maana sikusimama mbele ya Tobias nikamfukuza. Nilijiambia, labda huyu naye ni dani mwingine, ana sura mbaya na moyo mzuri. Goti laini si kosa la jinai. Nikaamua nimpime kwa kipimo chetu.

Leo mchana ulipokuwa kwa kinyozi alipita kuuliza kama uko tayari. Nikamwambia kwa kuwa amesema mke wake ni mjamzito, siwezi kumwacha aende mikono mitupu, twende kilimani nimchimbie odowa. Hakupata la kukataa. Alipanda kile kilima akihema, akiniambia una bahati, vijana wengi wanaitamani nafasi hiyo. Tulipofika mdomoni nikavua viatu, nikamwambia, "Shemeji, tangulia."

Alicheka. Aliona mimi sicheki. Akainama akatazama lile tundu, na jasho likamtoka hapo hapo kivulini. Akasema ana presha. Nikamwambia tunaishia chumba cha kwanza tu, mahali watoto wa shule wanaingia kujificha wasitumwe. Akarudi nyuma, akajipangusa shingo, akasema, "Mama Okoth, mimi kazi yangu ni ya juu. Kule chini ni ya vijana."

Umesikia mwenyewe. Mashine ya kusaga mawe haiko kule chini. Alijisikia alichosema, akatoa simu akaanza kuibonyezabonyeza, na pale kilimani unajua hakuna mtandao.

Nikamuuliza nani alikuwa kule chini kabla yako. Akasema kijana mmoja, amerudi kwao. Kwao wapi? Mbali. Nikamuuliza jina lake. Akafikiri, Okoth. Nakuapia alisimama pale akafikiri, kisha akasema, "Alikuwa tu kijana."

Nilichimba ile odowa peke yangu, nikampa, akashukuru, akaondoka haraka. Mimi niliketi kwenye jiwe nikalia. Nilikuwa nausikia ule mkono kifundoni, na nilikuwa nafikiria mama wa kijana asiye na jina, kama naye aliletewa mkate na sukari.

Utauliza kwa nini sikukuambia uliporudi. Nilikuona umenyoa, unanukia mafuta, unaimba. Ningekuambia ungesema nimemtega mgeni, ungeenda kwa hasira, na mtu mwenye hasira hasikilizi pumzi yake. Au ungebaki ukininunia mpaka siku niko sokoni, ukaondoka na Tobias mwingine ambaye hata chai sijamwagia. Nimekuzaa mimi, nakujua. Kumkataza mtu wa umri wako ni kumfundisha kutoroka. Tena pengine shimo lenyewe ni zuri. Pengine wako watu wa haki pale, wanashuka kwa zamu, wameweka mbao, wana jina la kila mtu. Tobias anaweza kuwa mwongo na shimo likawa salama. Sijaliona, na pango halihukumiwi kwa kusimuliwa.

Ila kuna jambo limenikaa rohoni tangu nishuke kilimani. Tobias amekuita. Lakini baba yako naye alisema nenda, na mimi nilinyamaza, na wewe ukafunga begi kwa sababu ya kunyamaza kwangu. Basi hata mimi nimekuita. Na sheria umeshaisoma.

Sasa inua macho uangalie nyuma ya mlango. Msumari uko mtupu. Kamba ya dani sijaiweka kwenye begi lako, usiitafute, na koroboi pia haipo rafuni. Nitapanda gari la kwanza la Migori kabla hujaamka, na utakaposoma hapa nitakuwa njiani au nimefika. Mahali penyewe Tobias alinitajia siku ile ya mkate, akijisifu.

Nasikia kule wanaume hawataki mwanamke akaribie mdomo wa shimo, wanasema dhahabu itakimbia. Ikimbie. Nitawaangalia magoti. Nitauliza nani hushuka wa kwanza na nani hutoka wa mwisho. Nitauliza jina la yule kijana kwa kila mtu nitakayemkuta, wauza chai, wapasua mawe, wenye pikipiki, mpaka mmoja alitaje na aniambie kwao ni wapi. Wakiniruhusu nitashuka, miguu mbele, koroboi mkononi. Wasiponiruhusu, hilo nalo litakuwa jibu.

Wewe njoo na Tobias kama mlivyopanga, usimwambie kitu. Mkikaribia mashimo utaniona, nimevaa ile leso nyekundu unayosema inatia aibu. Ukinikuta nimekaa chini natafuna odowa, ujue nimeona na nimeridhika. Njoo tusalimiane, uanze kazi yako, nami nitarudi nyumbani na sitasema neno tena. Ukinikuta nimesimama, usishuke kwenye pikipiki. Mwambie dereva ageuze. Usibishane na mtu, usinisubiri. Nitakuwa nyuma yako.

Na hao wakitaka kukuita mwoga, waache waite. Mimi nimeitwa mchawi kwa kushuku watu na bado ninapika.

Umemaliza uji? Nimeupika mzito, wa wimbi na mtama, na sufuria nzima ni yako. Malizia yote, ufute na ukoko. Aliyeshiba haingii, hata awe nani. Hata ukinikuta nimekaa, leo hushuki.

Mama yako,
Boke